Infildi flai: mwamuzi anapima nini hasa, na kwa nini pingamizi la Atlanta 2012 lilitupwa

Mleta uzi ameuliza hivi: mwaka 2012, kwenye mechi ya besiboli huko Atlanta, mwamuzi alitangaza infildi flai (yaani mpigaji ametoka hata kama mpira wake wa juu haujadakwa) kwa mpira uliodondokea mbali kabisa kwenye nyasi za nje, timu iliyokuwa ikipiga, Atlanta Braves, ikaweka pingamizi, na pingamizi likatupwa usiku uleule. Je, mwamuzi alikosea? Na kama alikosea, mbona matokeo hayakuguswa? Wachangiaji wawili hapo juu wameongeza kwamba sheria yenyewe ifutwe kwa sababu "inamwadhibu mpigaji kwa kosa la mlinzi."

Nianze na hao wa kufuta, maana wameishika sheria kichwa chini miguu juu. Infildi flai iliwekwa kuilinda timu inayopiga. Chukua wakimbiaji wawili, mmoja besi ya kwanza na mwingine ya pili, na bado hakuna aliyetolewa. Mpigaji anapiga mpira wa juu kuelekea kwa shotistopu, yaani mlinzi anayesimama kati ya besi ya pili na ya tatu, nao unakaa hewani sekunde nne au tano. Ukidakwa, kila mkimbiaji anatakiwa awe amerudi kwenye besi yake. Ukidondoka, mpigaji anakimbilia ya kwanza na wale wawili wanalazimika kusogea mbele. Sasa wakibaki karibu na besi zao, shotistopu anauacha udondoke miguuni pake, anauokota, anarusha besi ya tatu, mlinzi wa besi ya tatu anarusha ya pili, na wawili wametoka kwa mpigo. Wakiondoka mapema, anaudaka kama kawaida na kurusha nyuma yao, na bado wawili wametoka. Kutoka besi hadi besi ni futi 90, yaani mita 27 na ushei, kwa hiyo hakuna mahali pa kusimama ambapo mkimbiaji yuko salama pande zote mbili.

Walinzi wa Marekani walikuwa wakiufanya mchezo huo waziwazi, na ndiyo sababu katika miaka ya 1890 ikatungwa sheria: mwamuzi akishatangaza, mpigaji ametoka papo hapo, mpira udakwe usidakwe. Mpigaji akishatoka hakuna anayemsukuma mkimbiaji kutoka nyuma, na ujanja wa kuuachia mpira unakufa. Timu inayopiga inapoteza mtu mmoja ambaye angetoka hata hivyo, na inaokolewa yule wa pili.

Masharti ni haya, na yote lazima yawepo kwa pamoja: wakimbiaji wako besi ya kwanza na ya pili, au besi zote tatu zimejaa, waliotolewa hawajafika wawili, mpira ni wa juu na ni halali (uko ndani ya mistari), si shuti la kunyooka wala si jaribio la banti (kuugusa mpira taratibu bila kuuzungushia gongo), na mlinzi wa ndani, yaani wa eneo la besi, angeweza kuudaka kwa juhudi za kawaida. Mrushaji na mdakaji wanahesabiwa kama walinzi wa ndani. Hata mlinzi wa nje aliyesogezwa kusimama ndani anaingia.

Wengi hujikwaa wakimbiaji wakiwa besi ya kwanza na ya tatu. Hapo hakuna infildi flai. Ya kwanza peke yake pia hakuna. Sababu ni kwamba mpigaji anayekimbia kwa bidii tangu alipogonga mpira atakuwa amefika au amekaribia besi ya kwanza mpira unapotua, hivyo mlinzi anayeuacha udondoke anapata mtu mmoja tu, sawa na ambavyo angeudaka. Faida yake pekee ni kubadilisha mkimbiaji mwenye kasi kwa mzito. Hata hivyo kuna kipengele kingine, 5.09(a)(12), cha mlinzi wa ndani anayeugusa mpira kisha kuuangusha makusudi: hapo mpira unakufa, mpigaji anatoka na wakimbiaji wanarudi. Akiuacha uanguke bila kuugusa, kipengele hicho hakimhusu. Hivi viwili watu huvichanganya kila msimu.

Tuje kwenye juhudi za kawaida, maana ugomvi wote umelala hapo. Kitabu cha sheria kinazieleza kuwa juhudi ambazo mlinzi wa uwezo wa wastani, katika nafasi hiyo na katika ligi ya kiwango hicho, anatarajiwa kuonyesha, ukizingatia hali ya uwanja na ya hewa. Maneno "ligi ya kiwango hicho" yana uzito. Mpira ambao shotistopu wa ligi kuu anaudaka huku akitafuna bigijii, kwa mtoto wa miaka 12 ni mtihani, hata wale wa Lugazi waliokwenda Williamsport, Marekani, kwenye mashindano ya dunia ya watoto kuiwakilisha Uganda mwaka 2012. Jua likiwa machoni au upepo ukiwa unauhamisha mpira, mwamuzi anatakiwa kuvihesabu. Ndiyo maana siku ya upepo mkali utaona mipira miwili iliyoanguka sehemu ileile, mmoja ukatangazwa na mwingine usitangazwe, na waamuzi wote wawili wakawa sahihi.

Kisicho kigezo ni mahali. Maelezo ya sheria yanasema wazi kwamba mwamuzi asitumie mpaka wa kubuni kama nyasi au mistari ya besi. Shotistopu akirudi nyuma mpaka kwenye nyasi za nje, akageuka, akasimama chini ya mpira, hiyo inaweza kuwa infildi flai. Hata mlinzi wa nje akija kuudaka yeye, bado inaweza kuwa hivyo ikiwa wa ndani angeudaka kwa urahisi uleule.

Sasa Atlanta. Ilikuwa tarehe 5 Oktoba 2012, uwanja wa Turner Field, Braves na St. Louis Cardinals, mechi moja ya mtoano. Ininga (awamu ya kupiga) ya 8, Cardinals wanaongoza 6-3, Braves wana watu besi ya kwanza na ya pili, mmoja ametolewa. Andrelton Simmons anapiga mpira wa juu upande wa kushoto. Shotistopu Pete Kozma anarudi nyuma, nyuma, nyuma, anainua mkono kama mtu aliyeupata, kisha dakika ya mwisho anakwepa akidhani Matt Holliday, mlinzi wa nje wa kushoto, anauchukua. Mpira unatua katikati yao. Walioupima baadaye walitaja takriban futi 225 kutoka besi ya nyumbani, kama mita 69. Mwamuzi wa mstari wa kushoto, Sam Holbrook, alikuwa ameshainua mkono. Badala ya besi kujaa na mmoja nje, Braves wakabaki na watu ya pili na ya tatu, wawili nje. Chupa zikamiminika uwanjani na mechi ikasimama dakika 19. Iliporudi, Brian McCann akapewa besi ya bure, Michael Bourn akatolewa kwa straiki, na hakuna aliyefika nyumbani. Matokeo yakabaki 6-3.

Kwa maandishi ya sheria, Holbrook ana pa kusimama. Alieleza baadaye kwamba shotistopu alikuwa ameshafika chini ya mpira na angeudaka kwa juhudi za kawaida. Ukitazama picha ya nusu sekunde kabla Kozma hajakwepa, ni kweli: amegeuka kutazama uwanja, miguu imetulia, mkono uko juu. Anayesema "ulikuwa mbali mno" hajajibu hoja, kwa sababu umbali haumo kwenye sheria.

Lakini mimi naona uamuzi ule ulikuwa mbaya, kwa sababu mbili zinazokwenda pamoja. Kwanza, sheria inataka tangazo litolewe mara moja, kwa manufaa ya wakimbiaji. Mkono wa Holbrook ulipanda mpira ukiwa karibu kabisa kufika chini, wakati wakimbiaji wameshaamua wasimame wapi. Pili, pale hapakuwa na mtego wa kuwaokoa nao. Mpira ukiwa kina kile, mkimbiaji anaweza kusogea theluthi ya njia na bado akarudi ukidakwa. Ukidondoka, anafika mbele bila shida. Kozma angeuacha kwa makusudi asingepata wawili kutoka mita zote zile. Kilichotolewa pale ni kinga kwa watu wasio hatarini, na gharama yake ikawa mtu wa pili kutoka. Halafu, hili halisemwi sana: mwamuzi wa mstari wa kushoto hayupo kwenye mechi za kawaida za msimu. Waamuzi huwa wanne, wanakuwa sita kwenye mtoano. Aliyetangaza ni yule aliye karibu zaidi na mpira, na ukiwa karibu vile unamwona mlinzi tu. Picha ya wakimbiaji inakuponyoka.

Kwa nini basi pingamizi likatupwa? Kwa sababu wakati ule pingamizi lilikubalika kwa jambo moja tu, mwamuzi kuitumia sheria visivyo. "Juhudi za kawaida" ni suala la macho na busara ya mwamuzi, na kanuni ya 8.02(a) inasema uamuzi wa namna hiyo ni wa mwisho. Joe Torre, aliyekuwa ofisini kwa ligi, hakuhitaji hata kukubaliana na Holbrook ili kulitupa. Siku hizi mlango ni mwembamba zaidi: tangu 2020 ligi kuu imefuta pingamizi za mechi kabisa. Marudio ya video yaliyopanuliwa mwaka 2014 nayo hayaigusi infildi flai.

Jinsi waamuzi wanavyofanya kazi hii vizuri inaanza kabla mpira haujarushwa. Masharti yakitimia wanakumbushana kwa ishara, wengine kwa mkono kifuani, wengine kwa kugusa ukingo wa kofia. Mpira ukipigwa, hakuna kukimbilia: unasubiri ufike kileleni, kisha unaacha kuutazama mpira na kumtazama mlinzi. Amegeukia uwanja au bado anakimbia akiwa ametupa mgongo? Hatua zake zinapungua? Hapo ndipo kidole kinapanda na sauti inatoka. Mwamuzi yeyote anaweza kuanza, wengine wanafuata. Mpira ukiwa karibu na mstari, tangazo ni "infildi flai, kama ni halali", na maneno hayo ya mwisho si ya mapambo. Mpira wenye mzunguko, hasa ule unaopanda juu ya kichwa cha mdakaji, ukianguka ndani bila kuguswa kisha ukatoka nje ya mstari kabla ya kupita besi ya kwanza au ya tatu, ni faulo na mpigaji anarudi kupiga. Ukianguka nje ya mstari na kurudi ndani kabla ya besi bila kuguswa, tangazo linasimama na mpigaji ametoka.

Kosa baya zaidi liko baada ya tangazo: watu wanadhani mpira umekufa. Haujafa. Wakimbiaji wanaweza kwenda kwa hatari yao wenyewe, na ulazima wa kusogea haupo tena, kwa hiyo anayetaka kumtoa mkimbiaji aliyesogea lazima amguse na mpira. Tarehe 4 Mei 2015 huko Japani, Hiroshima Carp na Yomiuri Giants walikuwa 2-2 mwishoni mwa ininga ya 9, besi zimejaa, mmoja nje. Mpira wa juu ukapanda karibu na besi ya nyumbani, infildi flai ikatangazwa, walinzi wakategeana, ukadondoka. Mlinzi akauokota akakanyaga besi ya nyumbani, kana kwamba ulazima bado upo. Mkimbiaji wa besi ya tatu akapita bila kuguswa, na baada ya waamuzi kukaa pamoja alama ikahesabiwa: 3-2, mechi imekwisha. Kuikanyaga ile besi kulikuwa bure kabisa. Kumgusa tu kwa glovu yenye mpira kungetosha.

Upande wa pili wa hatari ni kumzuia mlinzi. Chicago, tarehe 23 Mei 2024, White Sox wako nyuma 8-6 dhidi ya Orioles, ininga ya 9, mmoja nje, watu ya kwanza na ya pili. Andrew Benintendi akapiga mpira wa juu, infildi flai ikatangazwa, mpigaji nje. Andrew Vaughn akirudi besi ya pili akawa kwenye njia ya shotistopu Gunnar Henderson, mwamuzi akasema amemzuia, na yeye nje. Mechi ikaishia hapo, ingawa Henderson aliudaka mpira. Wengi walipiga kelele kwamba Vaughn hakukusudia. Sheria haidai kusudio: mlinzi anayeuendea mpira uliopigwa ana haki ya njia, na anayesalimika ni yule aliyeishika besi yake, mradi asiwe amezuia makusudi. Kama kweli Henderson alizuiwa au alipindua tu hatua moja, hayo ni macho ya mwamuzi tena, na binafsi ningeuacha mchezo uendelee.

Kwa wanaofundisha timu: tangazo likitoka kwa mpira ulio ndani, kocha wa besi apige kelele ya kurudi, mkimbiaji akanyage besi yake na atulie. Ukidondoka, asiondoke kwa mazoea. Aondoke tu ukiwa umeviringika mbali na mlinzi. Na ukienda kumhoji mwamuzi, usimwambie "ulikuwa mbali" wala "hakuwa ameufikia", hapo umeshapoteza. Muulize besi zipi zilikuwa na watu na wangapi walikuwa wametoka. Akikujibu kwamba alitangaza kukiwa na mkimbiaji wa besi ya kwanza peke yake, hilo ni kosa la sheria, na waamuzi wanaweza kukaa pamoja kulirekebisha palepale, kabla mrushaji hajarusha mpira unaofuata.