Mafuta ya alizeti kwenye injini ya mashine ya kusaga

Ndugu wa Kibaigwa uliyeuliza kama mafuta ya alizeti yanaweza kuendesha injini ya mashine yako ya kusaga badala ya dizeli, nimekuelewa: dizeli inakula faida ya mashine yako, na alizeti umeikamua mwenyewe. Ila usimimine mafuta ya kupikia moja kwa moja kwenye tangi. Ni mazito, nozeli (vitundu vinavyopuliza mafuta ndani ya injini) zitashika masizi, na asubuhi za baridi ya Julai ndiyo balaa zaidi. Mimi nilijaribu kwa ubishi, nikaishia kwa fundi pampu.

Kinachofaa ni biodizeli, yaani mafuta ya mimea yaliyobadilishwa kwa kemikali yakawa mepesi karibu kama dizeli. Kwa lita 1 ya mafuta mapya yasiyo na maji, yeyusha gramu 3.5 za kostiki soda katika mililita 200 za methanoli (aina ya alkoholi isiyonyweka), kisha changanya kwenye joto la nyuzi 55 hivi. Glisirini, ile tope nzito inayojitenga, ikituama chini, itenge; biodizeli inayobaki juu ioshe kwa maji, kisha ikaushe kabisa.

Kwenye tangi anza na biodizeli asilimia 20 tu, iliyobaki dizeli. Weka filta ya akiba, maana biodizeli huzoa uchafu wa zamani wa tangi.

Methanoli ni sumu, hupofusha, na mwali wake mchana hauonekani. Mtafute mkemia akusimamie. Na kabla ya yote piga hesabu: kwa bei ya alizeti sokoni, pengine kuuza mafuta ukanunua dizeli kunalipa zaidi.