Mashoto wangu simfungi mkono

Juzi mama mmoja wa Mbagala ameniandikia. Mwanawe ana miaka mitatu na nusu, kijiko kushoto, kalamu kushoto, na bibi mtu ameshauri mkono ufungwe. "Nifanyeje, dada?" Nilikuwa nakata vitunguu, kisu nimekishika kwa kushoto. Nikacheka, halafu kicheko kikakata.

Mimi nilifungwa, kwa kipande cha kanga kuukuu. Darasa la kwanza, huko Tanga, ikafuata rula ya mbao kwenye vifundo vya vidole, nikahamia kulia. Kunakili ubaoni nikawa wa mwisho kila siku, wakaniita mzito. Sikuwa mzito! Wenzangu waliwaza jibu tu. Mimi niliwaza jibu na mkono pia. Mpaka leo benki wananirudishia fomu, eti sahihi hazifanani.

Kichekesho kilikuwa chuoni, yaani madrasa. Kiarabu huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, kwa hiyo mkono wa kushoto haupiti juu ya wino mbichi. Kazi yangu ilikuwa safi kuliko ya wote, mpaka maalimu alipoona mkono ulioiandika. Fimbo.

Binti yangu naye akatoka mashoto. Nimekwenda shuleni kwao mara tatu. Mara ya tatu nikaulizwa, "Mama, unatufundisha kazi?" Nikajibu, kwa hili, ndiyo. Sasa yuko la tatu na mwandiko wake unabandikwa ukutani. Wa kwangu haukubandikwa hata siku moja.

Sasa wewe mama, sikiliza. Katika watu 100, kama 10 hivi ni mashoto. Obama mwenyewe alisaini sheria za Marekani kwa kushoto. Mkono wa kushoto unaongozwa na upande wa kulia wa ubongo, na ukiufunga mkono, ubongo haugeuki. Mtoto wa miaka miwili akibadilisha mikono, mwache, bado anachagua. Ila ambaye hajafika mwaka na anatumia mkono mmoja tu, wa pili umelala, mpeleke kliniki haraka, maana huenda upande ule una udhaifu.

Wa kwako amekwisha kuchagua. Daftari lake lilaze kidogo, kona ya juu ya kushoto ipande kuliko ya kulia, aone anachoandika. Kwenye dawati akae mwisho wa kushoto, asigongane viwiko na jirani. Na mwache! Nimeshasema, lakini narudia: mwache.

Kula? Hapo mimi ni mtu wa pwani. Ugali binti yangu anakula kwa kulia, nilimfundisha taratibu bila kofi, na akimaliza kunawa anarudi kwenye kalamu yake kushoto. Najua wapo watakaosema najipinga. Waseme.

Kile kitambaa mrudishie bibi mtu, atashikia sufuria.