Maswali yenu: Jinsia, imani na kundi la ukoo

Kwenye WhatsApp ya ukoo mjomba ameandika kwamba Caster Semenya, mkimbiaji wa Afrika Kusini, ni mwanamume aliyejigeuza. Nimjibuje bila kumvunjia heshima? (Msomaji, Kahama)

Hili mnaniletea kila mara, na wengi hamjasoma hata aya moja kabla ya kuuliza. Semenya hakujigeuza. Alizaliwa akaandikishwa msichana, akalelewa msichana. Ana tofauti ya maumbile inayofanya homoni yake ya testosteroni iwe juu. Kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016 medali za mita 800 walichukua yeye, Francine Niyonsaba wa Burundi na Margaret Wambui wa Kenya. Kanuni za riadha zilizotangazwa 2018 zikawazuia wote watatu kukimbia mbio hizo mpaka wapunguze homoni kwa dawa. Niyonsaba akahamia mbio ndefu.

Je, kanuni ni ya haki? Hapo sasa pana ubishi wa kweli, maana wanawake waliokuwa wakimaliza nyuma yao nao wana hoja, na anayewaita wenye wivu tu hajawasikiliza. Mjomba mpigie simu, umwamkie, umweleze. Mtu mzima hasahihishwi mbele ya wakwe zake, hata kama amekosea kila neno.

Huntha na transjenda si ndio hao hao? (Mombasa)

La. Huntha amezaliwa na maumbile yasiyo wazi ya kiume au ya kike; transjenda ni anayejitambua kwa jinsia tofauti na aliyoandikishwa alipozaliwa. Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu mahuntha 1,524, na mafakihi wa Kiislamu waliandika hukumu za mirathi yao karne nyingi kabla ya bibi yako kuzaliwa. Usiniulize tena.

Mimi ni mlokole. Mwenzangu ofisini alizaliwa mwanamume, sasa ana jina la kike na anataka tumwite hivyo. Nikikubali, sijaikana imani? (Nairobi)

Mwenzako akisilimu leo akajiita Yusuf, utamwita Yusuf, na Jumapili utakwenda kanisani kwako kama kawaida. Hakuna atakayesema umeswali. Jina ni la mwenyewe. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Kenya ililiamuru baraza la mitihani limpe Audrey Mbugua, mwanamke transjenda, cheti chenye jina lake jipya, bila alama ya jinsia. Jaji hakutakiwa kubadili dini kwa hilo, nawe hutakiwi.

Ila naye asikutake ukiri usichokiamini. Akikuuliza unaonaje, mwambie kwa sauti ya chini, mara moja, kisha mrudi kwenye kazi. Wanaonichosha ni wale wanaotoa mahubiri kila chai ya saa nne, na wale wanaompeleka mtu kwa bosi kwa kuteleza ulimi mara moja. Pande zote mbili mnazo, msijifanye.

Niko Leeds. Mahakama ya Juu ya Uingereza imeamua 2025 kwamba mwanamke kisheria ni wa kuzaliwa. Tumeshinda, mbona kazini bado wananinunia? (A.S.)

Kwa sababu unasherehekea. Uamuzi ule ulihusu maana ya neno hilo katika Sheria ya Usawa ya 2010, na siku ileile jaji Hodge alionya usisomwe kama ushindi wa kundi moja dhidi ya jingine. Transjenda bado wanalindwa na sheria hiyohiyo dhidi ya ubaguzi. Na imani yako nayo inalindwa: kesi ya Maya Forstater, aliyepoteza kazi kwa kusema jinsia ya kuzaliwa haibadiliki, ilithibitisha hivyo 2021, bila kukupa ruhusa ya kumsumbua mtu. Soma hukumu, acha vibango.

Mtaani kwetu kuna kijana anavaa kike. Nina picha zake, nikutumie uandike? (hakutaja mahali)

Usinitumie. Zifute, na kama umeshazisambaza waombe uliowatumia wazifute. Watu wamepigwa kwa picha kama hizo. Ukiniletea tena, namba yako naizuia.