Usalama Unapopungua, Saa za Mwanamke Ndizo Hutangulia Kupotea

Ukosefu wa usalama vijijini ukizungumzwa, hutajwa mifugo iliyoibwa na nyumba zilizochomwa. Kwa mwanamke anayeishi kwa kulima na kuuza, hasara huanza kabla ya tukio lolote kufikishwa polisi, kwa kuwa kinachopungua kwanza ni saa zake za kazi. Mimi nililima shamba lililokuwa mwendo wa saa moja kwa miguu, na njia ilipoanza kuogopwa sikuliacha; nilingoja tu jua lipande ndipo niondoke, nikawahi kurudi kabla ya saa kumi jioni. Palizi ya wiki moja ikachukua karibu wiki tatu, magugu yakaishinda mimea, na mavuno hayakutosha kulipa hata deni la mbegu.

Kwa hiyo, dada yangu, kabla ya kupanda, hesabu saa ulizobakiwa nazo wala si ukubwa wa shamba ulilozoea. Zao linalohitaji kuangaliwa kila siku lilete karibu na nyumba, na la mbali liwe lile linalovumilia kuachwa. Palilieni pamoja kwa zamu, leo kwako, kesho kwa jirani, ili asiwepo anayetembea peke yake. Mnunuzi anayekufuata shambani kwa sababu anajua huwezi kufika sokoni atakupunja. Kuuza kwa pamoja kunampunguzia nguvu, ingawa sitasema kunaiondoa.

Jambo linaloniumiza zaidi ni la fedha. Vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo mfumo wake unaotumika leo katika nchi nyingi ulianzia Niger mwaka 1991, hutunza fedha katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hukaa kwa wanachama watatu tofauti. Kufuli hizo huzuia udokozi wa ndani, lakini hazimlindi mama anayelala na sanduku nyumbani kwake. Mtunza sanduku wetu alilala kwa jamaa zake majuma kadhaa bila kutuambia, na tulitambua hofu yake siku aliyojiuzulu. Tangu hapo tulikopeshana karibu fedha zote katika kila kikao ili sanduku lirudi likiwa tupu, na zilizobaki tukaziweka katika akaunti ya simu ambayo namba yake ya siri imegawanywa kwa wanachama watatu. Fanyeni hivyo mapema, kabla mtu hajatishwa.

Azimio namba 1325 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la mwaka 2000, linataka wanawake washiriki katika maamuzi ya amani na usalama, nanyi mna haki ya kudai nafasi hiyo hata katika kikao cha kijiji. Msiende na malalamiko ya jumla. Andikeni ni njia ipi, saa ngapi, na ni wanawake wangapi wameacha kuipita, kisha ombeni doria ipangwe kwa saa hizo za alfajiri, maana mara nyingi hupangwa usiku, wakati ambao sisi tumekwisha kujifungia ndani.