Ustawi wa wazee wanaosafiri: upimwe lini na vipi?

Swali: Assalaam alaykum. Nasoma shahada ya pili hapa Unguja. Nachunguza kama wazee wa Pemba wanaokuja kukaa na watoto wao Unguja wanapata nafuu ya kisaikolojia. Nimepanga kuhoji wazee 60 bandarini Mkoani, Pemba, wanaposhuka kwenye boti wakirudi. Nitumie dodoso gani, na je, 60 wanatosha?

Jibu: Waalaykumu salaam. Dodoso tutalipata, kinachonitia wasiwasi ni pale bandarini. Mzee anayeshuka Mkoani amechoka, pengine kichefuchefu hakijamtoka kama kusi imechafua bahari, mizigo inamshughulisha na gari la Wete linamsubiri. Utapima uchovu wa njiani ukadhani ni ustawi. Tena hujui alikuwaje kabla hajaondoka. Wanaosafiri kwa kawaida ni wazee wenye afya ya kuhimili safari, wenye nauli na wenye watoto wanaowahitaji. Ukiwakuta na furaha kuliko waliobaki, huenda walikuwa nayo tangu mwanzo.

Tumia WHO-5, kipimo cha ustawi cha Shirika la Afya Duniani. Kina kauli tano tu, kila moja alama 0 hadi 5. Jumla unaizidisha kwa 4 upate kati ya 0 na 100. Badiliko la alama 10 ndilo huhesabiwa kuwa la maana. Lakini angalia: kinauliza hali ya wiki mbili zilizopita. Mzee aliyekaa Unguja mwezi mzima, ukimuuliza siku mbili baada ya kurudi, atakueleza maisha ya kwa mwanawe, si hali aliyorudi nayo. Kwa hiyo kipimo cha baada ya safari kifanyike zikishapita wiki mbili kamili tangu arudi, kisha kingine wiki ya nane. Hicho cha mwisho usikikate kwa kubana bajeti, maana tafiti za likizo zimeonesha mara nyingi kwamba nafuu ya safari hufifia ndani ya wiki chache tu. Kipimo cha kwanza nacho kisisogee karibu na siku ya kuondoka, kwani hamu ya kuwaona wajukuu peke yake hupandisha alama. Wiki nne kabla ni salama zaidi.

Kundi la kulinganisha lisiwe la wazee wasiosafiri kabisa. Tafuta wale waliokwishapanga kwenda lakini safari yao bado, uwapime kwa tarehe zilezile. Ili uone tofauti ya nusu ya mchepuko sanifu (kipimo cha jinsi alama za watu zinavyotawanyika), kwa nguvu ya asilimia 80 (uwezekano wa kuiona tofauti hiyo ikiwa ipo kweli) na kiwango cha 0.05 (uwezekano wa kuona tofauti isiyokuwepo), unahitaji watu 64 kila kundi. Anza na 80 kila upande, maana wengine wataugua na wengine watahamia Unguja moja kwa moja. Hao usiwafute, eleza yaliyowapata, kwani ukiwaacha, matokeo yatapendeza kuliko ukweli.

Wapate kupitia masheha, viongozi wa shehia. Orodha ya Pensheni Jamii, pensheni ya wazee ya Serikali ya Zanzibar iliyoanza 2016, inavutia, ila ni ya miaka 70 na kuendelea, kwa hiyo wa miaka 60 hadi 69 utawakosa. Na usihoji katika siku za malipo, wala karibu na Idd.

Andika sababu ya safari ya kila mmoja. Aliyekuja Mnazi Mmoja kutibiwa, aliyekuja msibani na aliyekuja harusini hawawezi kuwekwa kapu moja. Andika pia alikaa siku ngapi, na kama aliamua mwenyewe kuja au aliitwa kulea wajukuu. Hilo la mwisho naliona muhimu sana, na wengi hulisahau.

Sasa mahojiano yenyewe. Ukimuuliza bibi wa Micheweni anajisikiaje, atakwambia "Alhamdulillah", na hapo hujapata kitu. WHO-5 inauliza muda, basi mpe muda: panga vikombe sita mbele yake, kuanzia "hakuna wakati wowote" hadi "wakati wote", atie kunde moja katika kikombe kimoja kwa kila kauli. Mwambie kwanza kwamba kumshukuru Mungu hakuzuii kusema usingizi haukuja. Muhoji faragha, kwa sababu mbele ya mkwe hakuna mzee atakayesema alichoshwa. Wanawake wahojiwe na mwanamke. Kauli zijaribiwe kwanza kwa wazee wanane hadi kumi wa Pemba, kila mmoja aeleze kwa maneno yake alivyozielewa.

Kibali cha maadili kinapitia Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar (ZAHRI), na ndani yake utaje utakachofanya mzee akipata alama 50 au chini. Alama hizo si utambuzi wa sonona, ila ni sababu ya kumfikisha kwa daktari. Panga mapema na hospitali ya Chake Chake, kabla hujamhoji mtu wa kwanza.

Katika uchambuzi, usitoe tu wastani wa kabla katika wastani wa baada. Linganisha alama za baada kati ya makundi mawili huku ukidhibiti alama za mwanzo, umri, jinsia na kama anaishi peke yake. Aliyeanza na alama za chini sana kwa kawaida hupanda kidogo hata asipokanyaga boti.