Jibu: Mama kapigiwa simu ya malipo ya korosho, ni kweli?

Ndugu yangu, huyo aliyempigia mama yako Newala akidai malipo yake ya korosho yamekwama mpaka ataje namba ya siri ni tapeli. Usiwe na shaka hata kidogo. Malipo ya mnada hupitia AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, na kuingia kwenye akaunti ya mkulima, na hakuna hatua inayohitaji namba ya siri. Matapeli wanajua minada ikianza Oktoba wazee wanasubiri hela, na anayesubiri hela huamini haraka.

Kama alishaitaja, abadilishe leo leo, na aibadilishe mwenyewe. Hili linaniuma sana: mzee anamkabidhi wakala simu, kisha anataja namba ya siri kwa sauti, foleni nzima inasikia!

Namba ya huyo tapeli iripoti TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, kwa ujumbe kwenda 15040. Halafu piga *106# kwenye simu ya mama, uone kama kuna laini usizozijua zimesajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA.

Tafadhali usimgombeze. Ukimfokea, wakipiga tena hatakwambia.