Maswali ya Wasomaji: Moduli ya LED ya dola 8 na ya dola 60

SWALI: Mafundi, salaam. Nina tochi ya zamani ya SureFire 6P, ile ya balbu, na nataka kupachika moduli ya LED mahali pa balbu. Moduli za Kichina nazipata kwa dola 8, zimeandikwa lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 1,800. Malkoff M61, inayotengenezwa hapa Marekani, inakaribia dola 60 na wenyewe wanataja lumeni mia chache tu. Hizo dola 52 za ziada ni za nini? (Msomaji, Minneapolis)

JIBU: Ni za saketi na za njia ya kutolea joto. Mwanga wenyewe ni rahisi.

Hiyo 1,800 isahau. Moduli nyingi za aina hiyo hubeba LED ya kampuni ya Cree, aina ya XM-L, daraja la T6. Daraja la T6 maana yake ni lumeni zisizopungua 280 kwa mkondo wa miliampea 700. Ukiisukuma hadi ampea 3 inafika karibu 1,000, basi. Kisha bakuli la kuakisi na kioo vinakula sehemu ya tano au zaidi. Balbu ya asili ya tochi yako, P60, ilikuwa ya lumeni 65, kwa hiyo hata 300 za kweli utaziona tofauti yake usiku wa kwanza.

Sasa saketi. Ya bei nafuu kwa kawaida ina vidude vya AMC7135, kila kimoja kikipitisha miliampea 350. Vinane ni ampea 2.8. Havibadilishi volti: volti inayozidi mahitaji ya LED inageuka joto palepale. Kwa betri moja ya lithiamu ya kuchaji, volti 4.2 ikiwa imejaa, ziada haifiki volti moja. Lakini 6P hutumia CR123A mbili, zile betri fupi za lithiamu zisizochajiwa, yaani volti 6. LED inachukua kama 3.3; zilizobaki 2.7 ukizizidisha kwa 2.8 ni wati 7.5 za joto kwenye kibamba kidogo kama sarafu. Tena CR123A nyingi zimepangiwa ampea 1.5 mfululizo, kwa hiyo betri nazo zitapata moto. Kwa tochi hiyo tafuta moduli iliyoandikwa volti 3 hadi 9. M61 imo humo, na saketi yake imezamishwa kwenye gundi ngumu, haitikisiki ukiiangusha.

Joto ndilo linalotenganisha kabisa hizi mbili. M61 ina kitako kizito cha shaba kinachobana ukuta wa tochi. Ya dola 8 huelea: kati yake na ukuta kuna upenyo wa hewa, na hewa haipitishi joto la maana. Dawa ni foili ya jikoni. Kata ukanda mrefu wenye upana usiofika ukingo wa juu wa bakuli, uzungushe kwenye moduli, ongeza mizunguko hadi iingie kwa kusukuma kwa kidole gumba. Isipoingia hivyo, punguza mzunguko mmoja. Usigonge kwa nyundo. Foili isiguse springi ya katikati nyuma ya moduli, maana hiyo ni shoti. Kabla ya kuzungusha, kaza bakuli kwenye kitako chake, kwani vikilegea hapo taa hupepesa na watu hulaumu swichi bure.

Tochi ya kazini tungeitolea dola 60 bila kusita. Ya kuzungukia nyumba, ya dola 8 na foili inatosha, mradi betri iwe moja ya lithiamu ya kuchaji. Angalia tu kwamba betri ya kuchaji ya 18650 haiingii kwenye 6P isiyochongwa ndani; tumia 16650, ambayo ni nyembamba zaidi, yenye kinga ya kujizima.

SWALI: Nikiwa na moduli mbili mkononi nizipime vipi bila mashine za maabara? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Simu na mita ya fundi umeme (multimita) zinatosha. Tia chumba giza, simamisha tochi ikielekea dari, weka simu yenye programu ya kupima mwanga mezani na usiisogeze tena. Andika namba kwenye sekunde ya 30, kisha dakika ya 10. Ikishuka kama sehemu ya kumi ni kawaida. Ikishuka nusu, shika kichwa cha tochi: kikiwa bado baridi, usifurahi, joto limenaswa ndani na LED inaungua polepole.

Mkondo pima kwa kufungua kifuniko cha nyuma: mita kwenye ampea 10, ncha moja kwenye mkia wa betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha ukingo wa mwili. Tumia nyaya fupi na nene, la sivyo utasoma pungufu. Elekeza pia kamera ya simu kwenye taa ikiwa mwanga mdogo. Michirizi ikionekana, saketi inauwasha na kuuzima, na macho yatachoka.

SWALI: Tochi yangu ni ya mawe matatu makubwa. Nimeweka LED ya kuchomeka badala ya balbu, haiwaki. Balbu inawaka. (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Balbu haijali chanya wala hasi, LED inajali. Geuza mawe yote matatu. Bado? Soma maandishi: mawe matatu ni volti 4.5, na iliyoandikiwa mawe manne hadi sita huenda isiwake. Ikiwaka na katikati ya mwanga kukawa na shimo jeusi, LED haikukaa pale uzi wa balbu ulipokuwa. Zungusha kichwa taratibu hadi shimo lifunge. Lisipofunga, rudisha dukani, hiyo haikutengenezewa bakuli lako.